Vipimo Safi, Moyo Bado Mbio: Mwongozo wa Kuutambua na Kuukabili Ugonjwa wa Wasiwasi

Umepima malaria, haipo. Umeambiwa taifodi, ukamaliza dozi, moyo ukaendelea kwenda mbio. Presha umepimwa kwenye maduka manne ya dawa na kila duka limekupa namba yake. Vidonda vya tumbo navyo umevitibu, tumbo likatulia siku tatu kisha likarudi palepale. Hatimaye kipimo cha umeme wa moyo kimetoka kizuri na mhudumu amekwambia, "Huna kitu, punguza mawazo." Lakini wewe unajua una kitu, maana jana usiku ulikaa kitandani ukiamini kabisa kwamba hutaiona asubuhi.

Yawezekana una ugonjwa wa wasiwasi. Jina hilo si tusi, wala halina maana ya wendawazimu. Ni maradhi yenye vigezo vyake, maswali yake ya kupimia na tiba inayofanya kazi. Shirika la Afya Duniani, WHO, linakadiria kwamba mwaka 2021 watu milioni 359 duniani walikuwa nayo, na katika kila wanne wanaohitaji tiba ni mmoja hivi tu anayeipata. Kwetu sababu moja kubwa ya kuikosa ni kwamba maradhi haya hulalamika kwa mdomo wa mwili. Mgonjwa anataja moyo, tumbo na kichwa. Mhudumu anaandika vipimo vya moyo, tumbo na kichwa. Hofu yenyewe haitajwi na mtu yeyote. Ukiondoka hapa na jambo moja tu, liwe hili: itaje.

Kwanza, kwa nini mwili unafanya hivi

Hofu yenyewe ni afya. Unavuka Barabara ya Morogoro, bodaboda inachomoka upande usioutazama, na umesharuka kabla hujajua umeruka. Kazi hiyo huanzia kwenye amigdala, vijisehemu viwili vya ubongo vyenye umbo la lozi, kimoja kila upande. Vikihisi hatari hupeleka habari kwenye hipothalamasi, nayo huamsha neva na tezi zilizokaa juu ya figo. Tezi hizo humwaga adrenalini ndani ya sekunde chache, kisha kotisoli inayodumu muda mrefu zaidi. Mwanafiziolojia Walter Cannon wa Harvard aliandika mwaka 1915 kwamba hayo yote ni maandalizi ya kupigana au kukimbia. Kila dalili inayokutisha ni sehemu ya maandalizi hayo:

- Moyo kwenda mbio: misuli ya miguu inahitaji damu ya kukimbilia.
- Tumbo kuvuruga, kichefuchefu, kuharisha: damu imeondolewa tumboni, kwa kuwa mwili unaona huu si wakati wa kusaga chakula. Ndiyo maana "vidonda" vya watu wengine hufufuka kila wiki ya mtihani au ya kodi ya nyumba.
- Jasho na kutetemeka: mwili unajipoza mapema, na misuli imekazwa tayari kwa kazi.
- Kifua kubana: misuli ya mbavu imekaza, na unavuta pumzi juu ya pumzi bila kuitoa vizuri.
- Ganzi ya vidole na midomo, kizunguzungu: hapa ndipo wengi hudhani wamepata kiharusi. Ukihema haraka unatoa kabonidayoksaidi nyingi kupita kiasi. Mishipa ya damu ya ubongo hujibana kidogo, na kalsiamu inayotumika na neva hupungua kwenye damu. Matokeo yake ni kichwa chepesi na vidole vinavyochomachoma. Pumzi ikitulia, hayo nayo hutoweka.
- Kujiona kama uko mbali na mwili wako: inatisha sana, lakini haina maana kwamba akili inapotea.

Kwa mwenye ugonjwa wa wasiwasi mitambo hii ni mizima kabisa. Tatizo ni kwamba inawaka pasipo bodaboda, au ikiwaka haizimiki, mithili ya mbwa wa lindo anayebwekea kila jani linaloanguka uani. Sehemu ya mbele ya ubongo, ambayo kazi yake ni kupima hatari na kusema "hakuna kitu, tulia", inazidiwa sauti.

Kwa nini wewe na si jirani? Urithi unachangia, tafiti za mapacha zinaupa takriban theluthi moja ya uzito wote. Kinachobaki ni maisha: utoto wa vipigo au wa kufiwa, madeni, ndoa ya mateso, ujauzito na miezi ya baada ya kujifungua, ugonjwa wa muda mrefu, pombe. Wanawake hupata zaidi kuliko wanaume. Udhaifu wa imani haumo kwenye orodha hiyo, na nimewaona wacha Mungu wa kweli wakiumia mara mbili kwa kuambiwa kwamba umo.

Kuna kisa kimoja wataalamu wa ubongo hawaachi kukisimulia. Mwanamke mmoja wa Marekani, anayetajwa kwenye majarida kwa herufi S.M. tu, ugonjwa wa nadra uliziharibu amigdala zake zote mbili. Anashika nyoka bila kusita. Lakini mwaka 2013 watafiti walichapisha kwamba walipompa kuvuta hewa yenye asilimia 35 ya kabonidayoksaidi, alishikwa na hofu kali. Yaani hofu ina mlango zaidi ya mmoja, na pumzi ni mmojawapo. Hilo likumbuke tutakapofika kwenye zoezi la pumzi.

Sura zake

Daktari hatakuandikia "wasiwasi" tu. Ataangalia ni wa aina gani, maana tiba hutofautiana kidogo.

*Wasiwasi wa kila jambo.* Unahangaikia ada, mtoto aliyechelewa, afya ya mama kijijini, neno ulilomwambia bosi Jumanne. Ukimaliza moja linaingia jingine. Mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani unadai hali hiyo idumu siku nyingi kuliko zisizo nayo kwa miezi 6 au zaidi, ikiandamana na angalau dalili tatu kati ya hizi sita: kutotulia, kuchoka upesi, kushindwa kuweka akili mahali pamoja, hasira za karibu, misuli kukaza, usingizi kuharibika. Ainisho la WHO lililoanza kutumika mwaka 2022 linasema tu "miezi kadhaa", na kwa maoni yangu hilo linaendana zaidi na kliniki zetu, ambako mtu hafiki mapema.

*Mashambulio ya hofu.* Hofu inalipuka ghafla na kufika kileleni ndani ya dakika chache, ikiwa na moyo kudunda, kukosa hewa, jasho, kutetemeka, na uhakika kwamba unakufa au unapata kichaa. Shambulio moja si ugonjwa. Huwa ugonjwa yakijirudia bila sababu inayoonekana, kisha ukaishi mwezi mzima au zaidi ukiogopa lijalo au ukibadilisha maisha ili lisikukute.

*Hofu ya mahali pasipo na njia ya kutoka.* Basi lililojaa, msongamano wa Kariakoo, safu ya mbele msikitini au kanisani, foleni ya benki. Mara nyingi huzaliwa na mashambulio: ulishikwa ukiwa ndani ya daladala, sasa hupandi daladala.

Zimebaki nyingine za kutaja kwa ufupi. Kuna hofu ya kutazamwa na watu, inayomfanya mtu akimbie kuhutubia, kula mbele za wageni, hata kusaini karatasi huku anatazamwa. Kuna hofu ya kitu maalumu, kama damu, sindano, urefu au mbwa. Kuna hofu ya kutengana na mtu, ambayo si ya watoto peke yao. Na kuna mtoto anayeongea vizuri nyumbani lakini shuleni hafungui kinywa. Msongo unaofuata ajali, ubakaji au vita, na ule wa kurudia-rudia kunawa au kukagua kufuli, siku hizi huhesabiwa kwenye mafungu yake yenyewe, ingawa hofu imo ndani yake.

Jipime kwa maswali saba

Kuna kipimo kinachoitwa GAD-7, kilichotolewa mwaka 2006 na kinachotumika duniani kote. Toleo lake la Kiswahili lilichunguzwa Kilifi, pwani ya Kenya, miongoni mwa watu wazima wanaoishi na VVU, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2020 yalionyesha linafaa. Hapa nimeyaeleza maswali yake kwa maneno yangu. Fomu kamili utaipata kliniki.

> SANDUKU: Wiki mbili zilizopita, mara ngapi…
>
> 1. umekuwa na wasiwasi au moyo kukosa utulivu?
> 2. umeshindwa kuuzuia wasiwasi ukishaanza?
> 3. umehangaikia mambo mengi kupita kiasi?
> 4. umeshindwa kupumzika hata nafasi ilipokuwepo?
> 5. umekosa utulivu kiasi cha kushindwa kukaa mahali pamoja?
> 6. umekasirika au kuudhika upesi?
> 7. umeogopa kwamba jambo baya sana litatokea?
>
> Kila swali: hapana kabisa = 0; siku kadhaa = 1; zaidi ya nusu ya siku = 2; karibu kila siku = 3.
>
> Jumla: 5 hadi 9, wasiwasi mdogo. 10 hadi 14, wa kati. 15 hadi 21, mkali. Ukifika 10, nenda ukaonwe.

Alama hizi ni za kukufikisha mlangoni kwa mtaalamu, si hukumu. Mwenye mashambulio ya hofu anaweza kupata 7 na bado akawa mgonjwa. Na aliyefukuzwa kazi wiki iliyopita anaweza kupata 12, akashuka mwenyewe mambo yakinyooka.

Kabla ya kwenda kliniki

Daktari wa hospitali ya wilaya ana foleni ndefu, na atakupa dakika chache. Hizo dakika zisiishie kwenye "naumwa kichwa na moyo".

1. Chukua daftari. Kwa wiki mbili andika kila tukio: saa, mahali, kilichotangulia, mwili ulifanya nini, ulikuwa unawaza nini, lilidumu dakika ngapi, na ulifanya nini ili likome.
2. Andika kila unachokunywa, kuvuta, kutafuna na kumeza. Chai ya rangi vikombe sita, vinywaji vya kuongeza nguvu, mirungi au miraa, sigara, bangi, bia za wikendi. Usione haya, mirungi peke yake inatosha kuukimbiza moyo na kuzuia usingizi.
3. Ongeza dawa zote, pamoja na za dukani na za mitishamba. Dawa ya kuvuta ya salbutamol ya mwenye pumu, dawa za kuzibua pua, vidonge vya kunenepesha vyenye deksamethasoni, na baadhi ya ARV, hasa efavirenz iliyotumika sana zamani, vyote vinaweza kuleta mtetemo, ndoto mbaya au wasiwasi. Usiache ARV wala dawa ya pumu kwa sababu hiyo. Iseme tu.
4. Beba majibu ya vipimo vya nyuma, hata ambavyo "havikuonyesha kitu". Vinaokoa pesa yako.
5. Ukiingia, anza na sentensi hii: "Daktari, nina dalili za mwili, lakini nina hofu pia, na hofu inanizuia kufanya moja, mbili, tatu." Taja hayo matatu: siendi sokoni, silali, nimeacha kuongoza kikundi. Kiasi ambacho maisha yamebanwa ndicho kinachomsaidia kutofautisha wasiwasi wa kawaida na ugonjwa.

Daktari atatafuta nini

Hakuna kipimo cha damu wala picha ya ubongo inayoonyesha ugonjwa wa wasiwasi. Anayekuuzia kipimo cha "mashine ya mwili mzima" kwamba kitaonyesha, anakuuzia hewa. Ugonjwa huu hutambuliwa kwa mahojiano, baada ya kuondoa vinavyofanana nao. Uondoaji huo una mpaka: presha na mapigo ya moyo, wingi wa damu, sukari, homoni za tezi ya thairoidi iliyo shingoni, kipimo cha umeme wa moyo ikibidi, na mimba kwa mwanamke anayeweza kuwa nayo. Thairoidi inayofanya kazi kupita kiasi ndiyo inayofanana nao zaidi: mapigo ya mbio, jasho, mikono kutetemeka, mwili kupungua huku mtu anakula. Upungufu wa damu nao hudundisha moyo.

Vikitoka salama, usidai virudiwe. Huu ni mtego mkubwa. Kila kipimo safi hukupa amani ya siku mbili, halafu hofu inadai kingine kikubwa zaidi, na familia inauza mbuzi. Badala ya kuomba kipimo cha sita, uliza: "Kama si moyo wala tezi, yaweza kuwa ugonjwa wa wasiwasi? Nani hapa anahusika na afya ya akili?"

Ataulizia huzuni pia. Sonona na wasiwasi hutembea pamoja mara nyingi, na anayetibiwa kimoja huku kingine kimefichwa hapati nafuu kamili.

> ONYO: haya hayangoji daftari. Nenda hospitali leo.
>
> - Maumivu ya kifua yanayokaza na kwenda mkononi, taya au mgongoni, hasa ukiwa na kisukari, presha au umri uliosogea.
> - Kuzimia, degedege, au upande mmoja wa mwili au uso kulegea.
> - Kukosa pumzi pamoja na mguu mmoja uliovimba na kuuma, zaidi kwa mjamzito au aliyejifungua karibuni.
> - Kusikia sauti au kuona watu ambao wengine hawawaoni.
> - Mawazo ya kujiua au kujidhuru. Mwambie mtu mmoja sasa hivi na usibaki peke yako. Kenya, Msalaba Mwekundu wanapokea simu namba 1199. Kwa watoto, namba 116 inafanya kazi Kenya na Tanzania.

Shambulio likikukuta

Lengo si kulifukuza. Shambulio linalopigwa vita huongezeka, kwa kuwa vita yenyewe ni ishara nyingine ya hatari kwa ubongo. Lengo ni kulipitisha. Kwa kawaida makali hupungua yenyewe ndani ya nusu saa.

1. Baki ulipo, kama ni salama. Unaendesha gari? Egesha pembeni. Uko dukani? Shika rafu, usikimbilie mlangoni.
2. Liite kwa jina, kwa sauti ndogo: "Hili ni shambulio la hofu. Nimewahi kulipitia. Litapita."
3. Toa pumzi kwanza, taratibu, mpaka mapafu yatulie. Kisha vuta kwa pua ukihesabu 4, toa kwa mdomo ukihesabu 6. Tumbo ndilo linyanyuke, si mabega. Endelea dakika tano. Kutoa kurefu kuliko kuvuta hupunguza mapigo ya moyo, na kabonidayoksaidi hurudi kwenye kiwango chake.
4. Taja vitu vitano unavyoviona, vinne unavyoweza kugusa, vitatu unavyosikia. Unairudisha akili nje ya kifua chako.
5. Likipungua, endelea na ulichokuwa unafanya, hata kama ni kwa dakika chache. Hatua hii wengi huiruka, na kuiruka kunaufundisha ubongo kwamba kukimbia ndiko kulikokuokoa.

Usihemee ndani ya mfuko wa karatasi au wa plastiki kama ulivyoona kwenye filamu. Kama kumbe ni pumu au moyo, mfuko unaweza kukuua.

Zoezi la pumzi lifanye mara mbili kila siku ukiwa mzima. Mtu hajifunzi kuogelea siku mashua inazama.

Tiba ya mazungumzo: kukirudia unachokikimbia

Tiba yenye ushahidi mkubwa ni ya kushughulikia fikra na tabia. Mnakutana na mshauri kwa wiki kadhaa na mnafanya mambo mawili: kuzihoji fikra za hofu, na kurudi hatua kwa hatua kwenye yale uliyoyakimbia. La pili ndilo lenye nguvu, na ndilo watu hulichukia. Kukwepa kunatuliza leo, kesho hofu inakua, kwa kuwa ubongo haukupewa nafasi ya kuona kwamba hakuna kilichotokea.

Chukua mtu wa Dar es Salaam anayekaa Kigamboni na kufanya kazi Posta, ng'ambo ya pili ya maji. Alishikwa na shambulio ndani ya pantoni, katikati ya maji. Tangu hapo anazunguka na Daraja la Nyerere, analipa zaidi na kuchelewa kazini, na sasa hata darajani ameanza kusita. Ngazi yake inaweza kuwa hivi, namba zikiwa ukubwa wa hofu kati ya 0 na 10:

1. Kusimama nje ya kivuko cha Magogoni akitazama pantoni ikipakia na kuondoka (3).
2. Kulipa nauli, kukaa eneo la kusubiri, kisha kurudi bila kuvuka. Ndiyo, nauli inapotea. Ni ada ya tiba (4).
3. Kuvuka Jumapili asubuhi na mwenzake, wakisimama pembeni (6).
4. Kuvuka peke yake saa ambazo watu ni wachache (7).
5. Kuvuka peke yake akisimama katikati ya watu (8).
6. Kuvuka saa moja asubuhi, Jumatatu, watu wakiwa wamebanana (10).

Kila ngazi hurudiwa mpaka hofu ishuke nusu hivi, siku kadhaa mfululizo, ndipo anapanda inayofuata. Akirukia ya sita siku ya kwanza, huenda akaacha kabisa. Na asiweke diazepam mfukoni "kwa usalama", maana ubongo utampa kidonge sifa zote. Tengeneza ngazi yako kwa daladala, soko, mkutano wa wazazi au lifti ya ghorofa. Hofu inayotokana na mateso kama ubakaji usiiingie peke yako kwa njia hii. Hiyo inahitaji mtaalamu pembeni.

Hatuna wanasaikolojia wa kutosha, hilo linajulikana. Lakini mazungumzo yenye mpangilio hayahitaji daktari kila mara. Huko Harare, Zimbabwe, daktari wa akili Dixon Chibanda alianza mwaka 2006 kuwafunza akina bibi wa mtaa kukaa na wagonjwa kwenye benchi nje ya kliniki na kuwasaidia kulichambua tatizo moja baada ya jingine. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha waliokaa benchini walikuwa na dalili chache zaidi baada ya miezi 6 kuliko waliopata huduma ya kawaida. Mpango huo umefika mpaka Zanzibar. Uliza kama kituo chako kina mshauri nasaha, muuguzi wa afya ya akili au mhudumu wa jamii aliyefunzwa.

Dawa

Si kila mtu anazihitaji. Zinafaa dalili zikiwa kali, zikiambatana na sonona, au mazungumzo yasipotosha au yasipopatikana.

Zinazoanza ni za kundi linaloongeza kazi ya serotonini: fluoxetine, sertraline, escitalopram. Mambo ya kujua kabla ya kumeza:

- Nafuu huanza kuonekana baada ya wiki 2 hadi 6. Wiki ya kwanza wasiwasi unaweza hata kupanda, pamoja na kichefuchefu na usingizi mbaya. Wengi huacha hapo hapo, siku chache kabla dawa haijaanza kazi.
- Kwa vijana wa chini ya miaka 25, mawazo ya kujidhuru yanaweza kuongezeka mwanzoni. Nyumbani wajue na waangalie.
- Ukipona, huendelea miezi 6 hadi 12, kisha hupunguzwa kidogo kidogo. Usikate ghafla.
- Usichanganye na tramadol bila daktari kujua. Mwili unaweza kuzidiwa na serotonini, na hilo ni la dharura.
- Ukipata mimba, usiitupe dawa kwa hofu. Rudi kliniki mshauriane.

Vituo vingi vina amitriptyline. Husaidia baadhi ya watu, lakini hukausha mdomo, huleta usingizi, na ikizidishwa ni hatari kwa moyo. Iweke mbali na watoto na mbali na mtu mwenye mawazo ya kujiua.

Sasa diazepam, ambayo wengi wanaijua kwa jina la Valium. Inatuliza ndani ya saa moja, na hapo ndipo ubaya wake ulipo. Ndani ya wiki chache mwili huizoea, dozi hupanda, na kuikata ghafla kunaweza kuleta degedege. Ikikutana na pombe, inaweza kuzima pumzi. WHO haishauri itumike kutibu magonjwa haya. Muuza dawa anayekupimia vidonge kumi bila cheti hakufanyii fadhila. Kama tayari unaitumia kila siku, usiache leo. Nenda upangiwe namna ya kupunguza.

Propranolol hupunguza mapigo na mtetemo, na wengine huimeza kabla ya kusimama mbele za watu. Mwenye pumu asiiguse.

> SANDUKU: Makosa yanayorudisha watu nyuma
>
> - Kupima presha kila siku. Ikipimwa katikati ya hofu lazima ipande. Kaa kimya dakika tano kwanza, na usianze dawa za presha kwa kipimo kimoja.
> - Kunywa pombe ili ulale. Ikitoka mwilini alfajiri, wasiwasi hurudi ukiwa mkubwa zaidi.
> - Kuulizia dalili kwenye simu saa nane usiku.
> - Kuazima dawa ya ndugu kwa sababu "naye alikuwa hivi hivi".
> - Kuacha mazoezi kwa kuogopa moyo. Kutembea haraka nusu saa kunausaidia mwili kuzoea mapigo ya kasi yasiyo na hatari.

Dua, maombi na wanaosema ni majini

Omba, soma, funga ukijisikia. Sala haigombani na fluoxetine. Viongozi wengi wa dini ndio watu wa kwanza kuisikia hofu ya mtu, na wenye hekima humpeleka hospitali huku wakiendelea kumwombea. Kimbia palipo na mambo haya: kuambiwa uache dawa, kufungwa kamba au kunyimwa chakula, kudaiwa pesa kila hali inaporudi, na kutajiwa jirani au shangazi aliyekuloga.

Ukiishi na mgonjwa

Usimwambie "acha woga" wala "wenzako wana matatizo makubwa kuliko hayo". Wakati wa shambulio kaa naye, ongea polepole, pumua naye kwa hesabu. Siku za kawaida usimfanyie kila anachokikwepa. Ukimwendea sokoni kila siku kwa huruma, unamsaidia kukwepa. Mwambie, "Twende wote mpaka mlangoni, uingie mwenyewe ununue nyanya."

Pa kuanzia

Si lazima uanzie Mirembe, Muhimbili, Mathari, Butabika au Kidongo Chekundu. Hizo ni hospitali za rufaa. Anzia kituo cha afya au hospitali ya wilaya, au ya kaunti kama uko Kenya, na uulize kitengo cha afya ya akili kwa jina hilo hilo dirishani. Ukijibiwa hakipo, omba rufaa ya maandishi. Katika hospitali nyingi kliniki hiyo haiwi kila siku, kwa hiyo ulizia siku yake kesho, na uende na daftari.